Kabla ya kubonyeza Sawa: kugeuza michoro ya vekta kuwa picha za pikseli

Hotuba kwa wasanifu michoro na wachapaji wadogo, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu, mafundi wenzangu wa usanifu na uchapaji, na vijana mliokuja na kompyuta zenu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo karibu kila mmoja wetu hulifanya kila siku bila kulitazama, nalo ni kuchukua mchoro wa vekta uliopakuliwa kutoka maktaba za mtandaoni kama Freepik, Vecteezy, Shutterstock au Adobe Stock, na kuufungua ndani ya programu ya kuhariri picha, iwe Photoshop au GIMP. Katikati ya hatua hizo mbili hujitokeza kisanduku kidogo chenye maswali manne au matano: upana, urefu, idadi ya pikseli (vile vijiraba vidogo vya rangi vinavyounda picha) kwa inchi, aina ya rangi, na kama kingo zilainishwe au zisilainishwe. Wengi wetu hubonyeza kitufe cha kukubali kabla hatujayasoma. Hoja yangu ni kwamba ubora wa kazi itakayotoka kwenye mashine ya chapa huamuliwa pale, ndani ya kisanduku kile, na kwamba baada ya hapo hakuna chujio wala kunoa picha kunakoweza kurudisha kilichopotea. Nitayafuata maswali hayo moja baada ya jingine, lakini sitayapa muda sawa, kwa kuwa hayana uzito sawa.

Kwanza tukumbushane kile tunachokipakua. Faili la vekta halina picha ndani yake, lina maelezo tu: anzia nukta hii, pinda hivi, fika nukta ile, jaza rangi kadhaa. Mipindo hiyo hujulikana kama mipindo ya Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya Renault ya Ufaransa aliyeitumia katika miaka ya 1960 kusanifu bodi za magari. Paul de Casteljau wa kampuni shindani ya Citroën alikuwa ameifikia hesabu hiyohiyo mapema zaidi, ila mwajiri wake aliificha kama siri ya kiwanda, na ndiyo maana jina lililoenea ni la mwenzake. John Warnock na Charles Geschke, waanzilishi wa Adobe mwaka 1982, waliiweka mipindo hiyo katika PostScript, lugha yao ya kuieleza printa ukurasa wa kuchapa, mwaka 1984, na mwaka uliofuata printa ya LaserWriter ya Apple ikaifikisha lugha hiyo maofisini. Faili la EPS ambalo maktaba nyingi zinatupatia hadi leo limezaliwa katika lugha hiyo. Ni umbo la zamani, lakini linasomwa na karibu kila programu ya usanifu, na kwa muuzaji wa michoro hilo linatosha.

Anayetaka kujionea alifungue faili la EPS kwa programu ya maandishi matupu kama Notepad. Katika mafaili mengi mstari wa kwanza unaanza na alama %!PS-Adobe, na mistari michache chini yake kuna neno BoundingBox likifuatwa na tarakimu nne, tuseme 0 0 500 500. Mbili za kwanza ni kona ya chini kushoto, mbili za mwisho ni kona ya juu kulia, na kipimo chake ni pointi, ambapo pointi 72 hufanya inchi moja. Mchoro wa pointi 500 basi una upana wa sentimita 17.6 hivi. Kipimo hicho hakihusiani kabisa na kazi yako. Msanii aliyeuchora alichagua ubao wa ukubwa huo kwa sababu ulimfaa yeye, pengine kwenye skrini ndogo. Lakini programu yako haijui hivyo, na unapolifungua faili itakuletea kipimo hicho kama pendekezo. Vekta ni vipimo vilivyoandikwa kwenye daftari la fundi cherehani, na picha ya pikseli ni kitambaa kilichokwisha kukatwa. Kisanduku ninachokizungumzia ndicho mkasi.

Maswali matatu ya kwanza, yaani upana, urefu na pikseli kwa inchi, kwa kweli ni swali moja lililoulizwa mara tatu: unahitaji pikseli ngapi? Tuchukue kalenda ya ukutani ya A3, kazi inayowalisha wengi wetu miezi ya mwisho wa mwaka. A3 ni milimita 297 kwa 420. Kwa pikseli 300 kwa inchi, kiwango kilichozoeleka kwa chapa inayotazamwa kwa karibu, inahitaji pikseli 3508 kwa 4961, na ukiongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata, inakuwa 3579 kwa 5032. Sasa lichukue shada la maua la pointi 500 unalotaka lienee upana mzima wa kalenda, ulifungue huku kisanduku kikiwa kimeandikwa 72, na ukubali. Umepata pikseli 500 kwa 500. Utakapolivuta lifike pikseli 3508, kila pikseli itatandazwa mara saba kwa upana na mara saba kwa urefu. Pikseli moja ya kweli itafunika nafasi ya 49, na 48 kati ya hizo programu imezibuni yenyewe. Petali zitakuwa na ukungu pembezoni, mistari myembamba ya majani itavimba, na mteja, ambaye hajui habari ya pikseli, ataona tu kwamba kalenda ya duka la jirani ni safi kuliko yake.

Kama kwenye nafasi ya upana ungeandika 3579, baada ya kuhakikisha kwamba kipimo kilichochaguliwa ni pikseli na si sentimita, faili lilelile lenye megabaiti chache lingetoa maua yenye kingo safi kana kwamba yalichorwa kwa ajili ya kalenda hiyo. Hakuna gharama ya ziada. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu waandike ukubwa wa mwisho wa kazi kwenye karatasi kabla hawajaanza kupakua chochote.

Upande wa pili wa jambo hili nao una hasara zake, na nimeuona zaidi kwa vijana waliosoma kidogo na kushika tarakimu 300 kama amri. Bango la mita 3 kwa 2 likifunguliwa kwa pikseli 300 kwa inchi linadai pikseli 35,433 kwa 23,622, yaani karibu pikseli milioni 837. Katika rangi nne za chapa hizo ni takriban gigabaiti 3.3 za kumbukumbu kwa leya moja tu, yaani tabaka moja la picha, na faili la kawaida la Photoshop lenye mkia wa PSD halikubali upande unaozidi pikseli 30,000, kwa hiyo utalazimika kuhifadhi kwa umbo kubwa la PSB. Kompyuta itaganda, umeme nao unaweza kukatika kabla hujahifadhi, na yote hayo ni kwa bango litakalotazamwa kutoka upande wa pili wa barabara. Kwa pikseli 100 kwa inchi bango hilo ni 11,811 kwa 7,874, kazi ambayo kompyuta ya kawaida inaimudu, na macho ya mpita njia hayataona tofauti. Muulize mwenye mashine anataka kiwango gani. Yeye ndiye anayejua mashine yake.

Kabla sijaondoka kwenye ukubwa, niseme neno kuhusu furushi lenyewe mnalolipakua. Mara nyingi linakuja kama faili la zipu, na ndani yake kuna EPS, kuna maandishi ya leseni, na kuna picha ya JPG ya kuonyesha mchoro ulivyo. Wapo wanaoichukua hiyo JPG kwa sababu inafunguka bila maswali. JPG hiyo haina uwazi, mandhari yake imejazwa, na pembezoni mwa kila umbo kuna vumbi la mgandamizo. Halafu fundi anatumia saa nzima kufuta weupe kwa kifimbo cha kuchagulia, akiacha uzi mweupe kuzunguka kila petali, ilhali faili la pembeni yake lingempa mchoro usio na mandhari kwa kubonyeza mara moja.

Swali la rangi ni fupi kulieleza, lakini lina mtego mmoja unaotugharimu. Michoro mingi ya maktaba hizi huandaliwa kwa RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, na mingine kwa CMYK, wino nne za mashine. Kijani kikali na buluu ya umeme inayong'aa kwenye skrini haiwezi kuchapwa kwa wino hizo nne, na itafifia iwe isiwe. Afadhali ififie mezani kwako, mbele ya mteja, kuliko kwenye mashine. Kwa kazi ya chapa mimi huchagua CMYK mapema iwapo mchoro wenyewe ni wa CMYK, na huiacha RGB hadi mwisho iwapo ni wa RGB, kwa kuwa kila safari ya kwenda na kurudi kati ya mifumo hiyo miwili hubadilisha tarakimu.

Mtego wenyewe ni weusi. Chukua mchoro wa CMYK wenye mistari myeusi ya wino mweusi peke yake, yaani asilimia 100 ya nyeusi na sufuri kwa nyingine tatu. Ukiufungua kama RGB, kisha baadaye ukaugeuza kuwa CMYK, weusi ule haurudi ulivyokuwa. Kwa mpangilio wa rangi ambao Photoshop imekuwa ikija nao, weusi kamili wa RGB hugeuka kuwa samawati 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90, jumla ya asilimia 300 za wino. Mstari mwembamba uliokuwa unachapwa na bamba moja sasa unachapwa na mabamba manne, na mashine ikipotoka hata sehemu ndogo ya milimita utaona kivuli cha rangi pembeni mwa kila mstari, huku karatasi nyepesi ikilowa. Fundi wa mashine atalaumiwa bure kwa jambo lililoamuliwa kwenye kisanduku.

Sasa niingie kwenye swali la mwisho la kisanduku, la kulainisha kingo, ambalo naona halizungumzwi kabisa katika Kiswahili. Mpaka wa umbo la vekta unapopita katikati ya pikseli, programu ina njia mbili: ama iijaze pikseli yote kwa rangi ya umbo, ama iijaze kwa kiasi, kulingana na sehemu iliyofunikwa. Njia ya pili ndiyo kulainisha, na ndiyo inayofanya duara lionekane duara badala ya ngazi. Karibu kila mara utaitaka.

Lakini mmewahi kuona nyuzi nyembamba nyeupe zikipita ndani ya mchoro, mahali ambapo rangi mbili zinagusana na hapakupaswa kuwa na kitu? Hazikuwa kwenye mchoro wa msanii. Tuseme maumbo mawili ya kijani yanashiriki mpaka mmoja, na mpaka huo unaigawa pikseli katikati. Umbo la kwanza linafunika nusu, kwa hiyo programu inaweka kijani asilimia 50 juu ya weupe wa chini. Umbo la pili nalo linafunika nusu nyingine, lakini programu haikumbuki ni nusu ipi; inaweka asilimia 50 juu ya kile kilichopo. Nusu ya nusu iliyobaki ni robo. Pikseli iliyopaswa kuwa kijani tupu inabaki na asilimia 25 ya weupe, na pikseli hizo zikipangana mstari mzima, macho yanaona uzi.

Tatizo hili ni kubwa zaidi kwa mafaili ya EPS, na sababu yake iko ndani ya PostScript yenyewe. Lugha hiyo haijui uwazi. Msanii anapoweka kivuli laini au kioo kinachopitisha rangi, kisha akahifadhi kama EPS, Illustrator, programu ya Adobe ya kuchorea vekta, hulazimika kuubapaza mchoro: inayakata maumbo yaliyopishana kuwa vipande vingi vinavyogusana, kila kimoja na rangi yake iliyokwisha changanywa. Vipande hivyo ndivyo mashamba ya nyuzi nyeupe. Vivuli laini navyo hugeuzwa kuwa vipande vya picha ya pikseli humohumo ndani ya EPS, kwa kiwango alichokichagua msanii, ambacho kinaweza kuwa 72 au 300 kwa ubao wake mdogo. Basi usishangae ukikuza mchoro wa vekta ukaona majani ni safi na kivuli chake kina ukungu. Illustrator yenyewe huficha nakala ya asili isiyobapazwa pembeni ya PostScript, na kwa hiyo mchoro ukifunguliwa humo uwazi huwa mzima. Photoshop na Ghostscript, programu ya bure inayosoma PostScript, husoma sehemu iliyobapazwa.

Dawa ziko kadhaa. Ninayoiamini zaidi ni kuzima ulainishaji kabisa, kufungua mchoro kwa ukubwa mara nne ya unaohitajika, kisha kuupunguza hadi robo kwa njia nzuri ya kupunguza picha. Ulainishaji ukizimwa hakuna pikseli iliyojazwa nusu, kwa hiyo uzi hauzaliwi, na kupunguza picha kunatengeneza kingo laini kwa kuchanganya pikseli zilizokamilika. Kwa kalenda yetu, mara nne ni zaidi ya pikseli 14,000 kwa upana, na kompyuta dhaifu itanung'unika. Mara mbili husaidia kiasi, ingawa kingo hazitakuwa laini vilevile. Dawa ya haraka, kama mchoro uko kwenye leya yake yenye uwazi, ni kuinakili leya mara moja au mbili juu yake yenyewe na kuziunganisha: uzi uliokuwa na upungufu wa asilimia 25 unabaki na asilimia 6 kwa leya mbili, na chini ya 2 kwa leya tatu. Kumbuka tu kwamba vivuli laini navyo vitakolea na kingo za nje zitakuwa kali kidogo. Wengine huweka chini ya mchoro rangi inayokaribiana nao, na kama mchoro una rangi moja iliyotawala, hiyo nayo inatosha.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mchoro ukifunguliwa unakuwa kitu kimoja, na kweli ndivyo: Photoshop ikifungua EPS moja kwa moja inakupa leya moja. Anayetaka kuondoa kipepeo na kuacha ua, au kubadilisha rangi ya utepe wa kadi ya sendofu ili ulingane na sare za kamati, ataanza kukatakata pikseli. Mwenye Illustrator asifanye hivyo. Aufungue mchoro humo, aondoe asichokitaka, kisha kwenye paneli ya leya atumie amri ya "Release to Layers" inayokipa kila kitu leya yake, azitoe leya hizo kutoka ndani ya leya mama hadi ngazi ya juu, na ndipo asafirishe kama PSD huku akiwa amechagua kuandika leya. Hatua ya kuzitoa leya nje ndiyo inayosahaulika, na ndiyo sababu wengi hulalamika kwamba PSD imetoka na leya moja.

Hata hivyo, kwa kazi nyingi sioni haja ya kugeuza chochote mapema. Amri ya "Place Embedded" ya Photoshop huuingiza mchoro kama Smart Object, yaani leya inayobeba faili lote la vekta tumboni mwake. Utaupunguza leo na kuukuza kesho, na kila mara programu itazichora pikseli upya kutoka kwenye maelezo ya asili. Vichujio na marekebisho ya rangi unaviweka juu yake bila kuugusa. Siku mteja atakaposema kwamba ile kadi imempendeza na sasa anataka bango la ukumbini lenye maua yaleyale, kazi yako ni kubadilisha ukubwa. Unapoigeuza leya hiyo kuwa pikseli ili uipake kwa brashi, fursa hiyo imefungwa, basi nakili leya kwanza na uifiche nakala ya asili.

Kwa wenye GIMP, programu iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na ambayo haidai ada yoyote, njia ninayoipendekeza ni kupitia Inkscape, ambayo nayo ni ya bure. GIMP inaweza kufungua EPS yenyewe kwa msaada wa Ghostscript, na kwa SVG, umbo jingine la faili la vekta, inakupa kisanduku kinachofanana na kile cha Photoshop. Lakini ndani ya Inkscape unaweza kuvunja makundi, kuchagua ua moja, na kulisafirisha kama PNG yenye uwazi kwa upana wa pikseli unaouandika mwenyewe. Unaweza hata kusafirisha vitu vingi kwa mkupuo, kila kimoja kwenye faili lake. Kama Inkscape inalikataa faili la EPS, ligeuze kwanza kuwa PDF kwa amri ya ps2pdf, ukiongeza neno -dEPSCrop. Usipoliandika, mchoro unaweza kuwekwa juu ya karatasi ya ukubwa wa kawaida na kinachozidi karatasi hiyo kikakatwa bila taarifa. Weka pia toleo jipya la Ghostscript: PostScript ni lugha kamili ya programu, faili lake huendeshwa, na ulinzi dhidi ya mafaili yenye nia mbaya umekuwa ukiwashwa wenyewe tangu toleo la 9.50 la mwaka 2019 tu.

Mafaili ya AI, yaani yale ya Illustrator yenyewe, hayahitaji maneno mengi. Tangu Illustrator ya 9, yanabeba PDF ndani yake, kwa hiyo programu nyingi zinaweza kuyasoma. Ukifungua moja ukakuta ukurasa wenye maandishi ya onyo badala ya mchoro, maana yake msanii aliyahifadhi bila sehemu ya PDF, na hakuna cha kufanya ila kumtafuta mwenye Illustrator akuhifadhie upya.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kugeuzwa kabisa. Maandishi ni cha kwanza. Kadi zilizo tayari huja na maneno ya Kiingereza ambayo tutayaondoa na kuweka majina ya bwana na bibi harusi, na majina hayo yabaki leya ya maandishi hadi mwisho, kisha kazi ihifadhiwe kama PDF, ambayo huyapeleka mashineni yakiwa vekta. Kazi ya kukatwa kwa plota, kama stika za magari na maandishi ya vioo vya maduka, nayo inahitaji njia za vekta, kwa kuwa kisu hufuata mstari na si pikseli. Nimeona mchoro wa vekta ukigeuzwa kuwa PNG, ukatumwa kwa WhatsApp ukabanwa zaidi, kisha mwenye plota akautrasi ili kuupata upya mstari uliokuwepo tangu mwanzo, safari hii ukiwa na mabonde na vilima. Skrini za fulana zenye rangi mbili tatu za kujaza nazo zitengenezewe filamu moja kwa moja kutoka kwenye vekta.

Fulana za DTF, yaani zile ambazo mchoro huchapwa kwanza kwenye filamu kisha ukabandikwa kwa joto, ni habari nyingine, kwa sababu mashine hizo hupokea PNG yenye uwazi. Hapo ulainishaji wa kingo unageuka tatizo: chini ya kila rangi mashine huweka wino mweupe, na pikseli zilizojaa nusu pembezoni, pamoja na vivuli vinavyofifia, huacha uzi au vumbi jeupe kwenye fulana nyeusi. Kwa kazi hiyo ninazima ulainishaji na kufungua mchoro kwa pikseli 300 kwa inchi za ukubwa halisi wa kifua cha fulana, na vivuli laini ninaviondoa nikiwa bado kwenye vekta.

Niseme pia, kwa kuwa nimeulizwa mlangoni, kwamba kugeuza mchoro kuwa pikseli hakubadilishi mwenye mchoro. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, ipo kwa ajili hiyo. Yasomeni yale maandishi ya leseni yaliyo ndani ya zipu. Matumizi ya bure ya Freepik yanadai msanii atajwe. Shutterstock hutaka leseni ya juu zaidi kwa mchoro utakaokuwa ndio bidhaa inayouzwa, kama fulana au kikombe. Na maktaba hizi kwa kawaida hazimruhusu mtu aufanye mchoro wao kuwa nembo ya biashara yake. Mteja anayetaka nembo achorewe.

Mchana tutakaa kwenye kompyuta. Kila mmoja apakue faili moja la EPS lenye kivuli laini na rangi zinazogusana, na kabla ya kulifungua aandike kwenye karatasi upana wa pikseli anaohitaji kwa kalenda ya A3, kisha alifungue mara tatu: kwa 72 kama lilivyo, kwa 3579 likiwa limelainishwa, na kwa ukubwa mara nne bila kulainishwa, halafu aupunguze. Tutayachapa matokeo yote matatu kwenye karatasi moja na kuyatazama kwa kioo cha kukuzia. Wenye GIMP wakae upande wa dirishani, maana nimewaletea Ghostscript na Inkscape kwenye flashi, na intaneti ya ukumbi huu ni ya kusuasua.